Foleni moja mlangoni mwa pango

Jina la pango hatulitaji hapa, wala kijiji, wala njia ya kulifikia. Anayetaka kuingia aende ofisi ya serikali ya kijiji, ataelekezwa. Hilo ndilo somo la kwanza tulilolipata sisi tunaoongoza wageni mapangoni huku Kigoma: pango likishaanikwa mtandaoni na ramani yake, hakuna mlinzi atakayeliweza. Picha nazo husema. Simu nyingi huandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa, hata kama mwenye simu hakugusa kitu. Kwa hiyo kabla ya kuingia kila mgeni huzima kipengele hicho kwenye kamera yake, kiongozi akiwa anatazama. Ni kazi ya nusu dakika.

Mapango yetu hayana ukubwa wala sifa za Amboni kule Tanga, na udogo huo ndio unaotutia hofu. Pango kubwa unaweza kulitengea watu ukumbi mmoja, kumbi nyingine zikapumzika. Pango dogo lina njia moja tu. Anayeingia leo anakanyaga pale pale alipokanyaga wa jana, na akipotoka hatua moja kushoto ameshafika mahali ambapo hapakuwahi kuguswa.

Mwanzoni tulidhani dawa ni kufunga. Ukifunga bila kusema nani anaruhusiwa na kwa utaratibu gani, haipiti muda wenye kujuana na viongozi wanaingia, mgeni mwenye gari zuri anaingia, na kijana aliyezaliwa umbali wa kurusha jiwe anaambiwa pango ni hifadhi. Kijana huyo hachukui barua kwenda kulalamika. Anatafuta tundu jingine, anaingia usiku na mwenge wa nyasi, moshi unaganda darini, na mawe yanayoning'inia yanavunjwa kwenda kuuzwa au kuonyeshwa tu kwamba na sisi tulifika. Uharibifu mbaya kuliko wote tunaoujua ulitokea katika kipindi cha kufunga. Tangu hapo tunasema wazi kwamba haki ya kuingia ni sehemu ya ulinzi, na anayeziona kama vitu viwili vinavyogombana hajakaa mlangoni kwa muda wa kutosha.

Wala si jambo geni mkoani kwetu. Chemchemi za chumvi za Uvinza zimetumika kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika karne ya 19 watu walitoka mbali wakati wa kiangazi kuja kuchemsha chumvi, na watawala wa pale wakatoza ushuru. Mgeni hakufukuzwa. Msimu ulijulikana, na ushuru ulijulikana.

Tuanze na njia ya kupita ndani, maana hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Usiweke kamba ya katani. Katani ni mmea; kwenye unyevu wa pango inaoza, inaota ukungu, na inakuwa chakula kwa wadudu na vimelea ambavyo havikuwemo. Mbao na nguzo za miti ni hivyo hivyo. Sisi tunatumia uzi wa nailoni wa wavuvi, ule mnene wa kushonea nyavu, unaopatikana kila soko la mwaloni hapa ziwani. Unatandazwa pande zote mbili za njia, sentimita 15 hadi 20 kutoka chini, njia yenyewe ikiwa na upana wa sentimita 60. Ukiuweka juu ya hapo, watu wanaushika kama reli ya ngazi na kuung'oa. Ukiulaza chini kabisa unazama kwenye tope, na baada ya mwezi hakuna anayeuona. Unafungwa kwenye mawe yaliyokwisha kudondoka yenyewe, bila msumari. Kila baada ya mita tatu weka kipande kidogo cha karatasi ing'aayo, ile wanayobandika bodaboda nyuma, ili tochi ya mgeni iukute uzi kabla ya mguu wake.

Kosa la kawaida ni kupitisha njia pale panapopendeza. Njia ipite pale palipokwisha kuharibika. Kama sakafu ina tope lililokanyagwa tangu zamani, hapo ndipo njia, hata kama mgeni ataliona pambo la mawe kwa umbali wa mita nne badala ya nusu mita. Atumie tochi.

Inua tochi kwenye ncha ya stalaktiti changa, jiwe linaloning'inia darini, utazame. Ni mrija mwembamba, upana wake sawa na tone la maji, na ndani uko wazi kama mrija wa soda. Tone linajaa nchani, linatetemeka, linaacha chembe ya chokaa ukingoni, kisha linadondoka. Stalaktiti hukua kwa kadirio la sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, ingawa yapo mapango yanayokwenda haraka na mengine polepole zaidi. Kwa kadirio hilo sentimita 10 ni kazi ya miaka elfu moja. Kofia ngumu ya mtu anayeinuka bila kutazama juu inaiondoa yote mara moja. Na kidole kina ubaya wake, kwa sababu mafuta ya ngozi yanabaki kwenye jiwe, maji yenye chokaa yanateleza badala ya kushika, na tope la kidole hicho likifunikwa na chokaa mpya halitoki tena. Alama ya mkono wenye tope inasafishika katika siku za mwanzo tu, kwa brashi laini na maji ya humo humo pangoni. Sabuni hapana. Brashi ya waya hapana kabisa.

Panapokuwa na sakafu nyeupe ya chokaa na hakuna pa kuizunguka, mgeni anavua buti, anapita kwa soksi safi alizokuja nazo mfukoni, anavaa buti upande wa pili. Wageni wa kwanza watanung'unika. Wakishaona weupe ule ulivyobaki baada ya miaka mitatu ya watu kupita, hawanung'uniki tena.

Idadi ya watu: wanne na viongozi wawili, jumla sita. Tunaulizwa mara nyingi kwa nini si kumi. Kwanza, wa mwisho anatakiwa kuiona taa ya wa kwanza, na kiongozi wa nyuma amwone kila mtu mahali anapoweka mikono. Pili ni ajali. Mtu mmoja akivunjika mguu, mmoja anabaki naye na wawili wanatoka kutafuta msaada, kwa hiyo kundi lisipungue wanne. Likizidi sita, sehemu nyembamba inageuka kituo cha basi, na waliosimama kusubiri ndio wanaoegemea ukuta na kukanyaga nje ya uzi. Tatu ni joto na pumzi. Mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo watu kumi ndani ya chumba kidogo ni kama umewasha hita ya wati elfu moja. Kwenye chumba kisicho na mkondo wa hewa, kaboni dayoksaidi inapanda na ukuta unabadilika.

Ufaransa walilijua hilo kwa gharama kubwa. Pango la Lascaux, lenye michoro ya kale, liligunduliwa mwaka 1940 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1948. Kufikia miaka ya 1950 lilipokea hadi watu 1,200 kwa siku. Pumzi na unyevu wao vikaleta mwani wa kijani na ukoga wa chokaa juu ya michoro, na mwaka 1963 likafungwa. Watu wakajengewa nakala, iliyofunguliwa mwaka 1983. Kijiji hakina fedha za kujenga nakala, kwa hiyo hatuwezi kufika huko kisha tukarudi nyuma.

Usipime hewa kwa mshumaa. Moto huzimika oksijeni ikipungua hadi asilimia 16 hivi, lakini kaboni dayoksaidi inaweza kumdhuru mtu mshumaa ukiwa bado unawaka vizuri. Dalili za kufuata ni pumzi kwenda mbio bila kazi na kichwa kuanza kuuma. Akizisema mtu mmoja, wote wanatoka, na hakuna kumalizia kona iliyobaki.

Sasa popo, na hapa tunaomba usikivu. Popo wa matunda wa Misri, ambao hukaa mapangoni, ndio wanaobeba virusi vya Marburg, homa inayoua watu, bila wao kuugua. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia Python Cave, kwenye msitu wa Maramagambo nchini Uganda. Mmarekani aliyeingia pango hilo hilo mwishoni mwa 2007 aliugua akapona. Kwetu Tanzania ugonjwa ulitangazwa mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Kagera tunapakana nayo. Kwa hiyo sheria yetu haina mjadala: chumba kinacholaliwa na popo wa matunda hakiingiwi na mtu, awe mgeni, mwenyeji au mchimba mbolea ya popo. Popo hao wanatazamwa nje jioni wakitoka, watu wakiwa wamekaa pembeni ya mdomo wa pango na si chini ya mkondo wao, umbali wa mita 30. Hata pale Python Cave baadaye walijenga chumba cha vioo, na mtalii anawatazama popo akiwa ndani yake. Mgeni aliyetazama hivyo amelitembelea pango, hajapunjwa.

Likija wazo la kuwachoma moto au kuwafukiza, na huwa linakuja kila habari ya ugonjwa inaposikika redioni, wakumbusheni watu mgodi wa Kitaka, Uganda. Baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007, popo wa mgodi ule waliuawa karibu wote. Miaka michache baadaye walirudi wapya, na walipopimwa mwaka 2012, wenye maambukizi walikuwa asilimia 13.3 badala ya 5.1 ya awali. Mwaka huo huo ugonjwa ulizuka tena katika eneo hilo.

Popo wadogo wanaokula wadudu ni habari nyingine, lakini nao wana miiko yao. Wakati wa kuzaa na kunyonyesha chumba chao kinafungwa. Mama akishtuliwa anaruka, na mtoto akianguka sakafuni ndio mwisho wake. Tarehe usizichukue kwenye kitabu cha nchi nyingine. Pita mara moja kwa wiki mbili, dakika tano tu, kwa taa nyekundu hafifu, ukitazama kama kuna mama waliobeba watoto kifuani, kisha andika. Baada ya miaka miwili mitatu una kalenda ya pango lako mwenyewe. Kinyesi kikavu kina vumbi lenye vimelea vya kuvu vinavyoshambulia mapafu, kwa hiyo barakoa ya N95 ni lazima kwenye sehemu hizo. Ya kitambaa haitoshi. Kila mgeni anaondoka na kikaratasi: ukipata homa, kikohozi au maumivu ya kifua ndani ya siku 21, mwambie daktari kwamba uliingia pangoni. Bila neno hilo, mtu anaweza kutibiwa malaria au kifua kikuu wiki nzima.

Juu ya mlango wa chuma tumejifunza kwa mafundi. Ukimwambia fundi wa grili akutengenezee mlango wa pango, atakuletea grili ya dirisha: nondo zilizosimama, zimekaribiana, na ua katikati. Popo hapiti hapo akiwa amekunjua mabawa. Milango ya popo iliyobuniwa Marekani ina vyuma vilivyolala, nafasi kati ya chuma na chuma ikiwa milimita 146, na ilibuniwa kwa popo wadogo wa kule. Popo wa matunda ana mabawa ya sentimita 60 hivi, kwa hiyo usidhani kipimo hicho kinamfaa. Mlango wa chuma hubadilisha pia mkondo wa hewa, na hewa ikibadilika, unyevu wa ndani unabadilika. Tulichoona kinafaa ni uzio mfupi nje, mita kadhaa kabla ya mdomo, nguzo na waya laini. Waya wa miiba hapana, popo wananasa mabawa. Uzio hauzuii mwizi aliyekusudia. Unamjulisha mpita njia kwamba hapa pana mwenyewe na pana utaratibu, na wengi hilo linawatosha.

Vifaa vya mgeni: buti, ovaroli, mikanda na kamba zilizotumika kwenye mapango ya Ulaya au Amerika Kaskazini haziingii zikiwa chafu. Kuna kuvu iliyoonekana mara ya kwanza Marekani mwaka 2006, katika jimbo la New York, na imeua mamilioni ya popo wanaolala usingizi wa baridi. Kuvu hiyo hupenda baridi na haikui kwenye joto la mapango yetu, kwa hiyo hatusemi popo wa Kigoma watakufa kesho. Lakini mbegu zake zinasafiri na tope, na tope la kwetu nalo husafiri kwenda kwa wenzetu. Dawa ni maji ya moto nyuzi 55 kwa dakika 20, vifaa vyote vikiwa vimezama, baada ya tope kusuguliwa. Kinachoharibika mara nyingi ni joto. Maji yanaanza na nyuzi 55, buti baridi zinaingia, yanashuka hadi 48, na hakuna anayepima tena. Anzia nyuzi 60, chovya kipimajoto cha jikoni kila baada ya dakika tano, ongeza maji ya moto pembeni, si juu ya kamba. Kamba ikauke kivulini, jua linakula nailoni. Na soma maelekezo ya aliyetengeneza kamba hiyo kabla ya kuichovya.

Kwa mashimo ya kushuka kwa kamba, mgeni hafanyiwi mtihani wa vyeti. Tunafunga kamba juu ya mwembe nje ya kijiji. Apande, avuke fundo katikati, abadili kutoka kupanda kwenda kushuka akiwa ananing'inia, afike chini. Anayeweza anaonekana ndani ya robo saa, na asiyeweza huliona mwenyewe kabla ya kiongozi kusema. Bolti mpya ya kufungia kamba haitobolewi ukutani bila idhini ya kamati inayosimamia pango. Ikiruhusiwa, iwe ya chuma kisichoshika kutu, maana ya kawaida huacha michirizi ya rangi ya chai ukutani.

Turudi kwenye foleni ya wanaotaka kuingia, ambayo ilitusumbua kuliko popo. Kwa kawaida pango linafunguliwa siku nane kwa mwezi, kundi moja kwa siku, kwa hiyo nafasi ni 32. Nane ni za wanakijiji na shule za mkoa, nne za watafiti wenye kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, na 20 ni za yeyote. Siku za tambiko zinapangwa na wazee, na hazihesabiwi humo.

Tulipoziachia zile 20 ziombwe mapema bila kikomo, zilikwisha zote kwa watu wenye barua pepe na tiketi za ndege. Mwanafunzi anayepata nauli ya treni wiki hii kutoka Tabora hawezi kupanga miezi miwili mbele. Sasa kumi zinaombwa kuanzia siku 60 kabla, na kumi zinafunguliwa siku saba kabla, kwa simu au kwa kufika mwenyewe. Nafasi ya shule au ya mtafiti isiyochukuliwa inaingia kwenye hizo za wiki ya mwisho. Jina, saa ya kuomba na siku ya kuingia vinaandikwa kwenye daftari moja, kwa wino, na daftari linakaa ofisi ya kijiji ambako yeyote anaweza kulifunua. Aliyepigiwa simu na mkubwa kwamba "mpitishe huyu" anafungua daftari na kuonyesha. Mara nyingi hilo linamaliza maneno.

Kundi la watu 12 kutoka nje likija, haliingii lote siku moja, na nafasi 12 za mapema hazipo. Wanaingia wanne wanne kwa awamu, waliobaki wakasubiri zile za wiki ya mwisho kama wengine. Kiingilio cha mgeni wa nje ni kikubwa kuliko cha Mtanzania, kama ilivyo kwenye hifadhi za taifa, lakini kimebandikwa ukutani na kinatolewa risiti. Na wapima mapango wanadaiwa kitu cha ziada: nakala ya ramani waliyochora, pamoja na vipimo vyenyewe, ibaki kijijini kabla hawajaondoka. Imewahi kutokea ahadi ya "tutawatumia" ikaishia uwanja wa ndege, na kijiji kikabaki na pango ambalo wageni wanalifahamu kuliko wenyewe. Ramani ile ndiyo inayomwonyesha mwokoaji pa kupita mtu akikwama.

Ndani kuna vituo sita vya picha, kila kimoja na jiwe la kuweka kamera, na kila Januari na Julai tunapiga picha zile zile kwa kamera ile ile. Tunazitandaza mezani na wazee wa kamati: uzi umesogea wapi, tope limepanda kiasi gani juu ya weupe, mrija upi haupo. Kituo cha tatu kilipoonyesha njia imepanuka kwa kiganja kimoja, siku zilipunguzwa kutoka nane hadi sita. Nafasi zikawa 24: sita za kijiji na shule, tatu za watafiti, 15 za wote. Kila fungu likapungua kwa robo, na zamu hiyo hakuna aliyetafuta tundu jingine.